Waziri wa mambo ya nje anapozuru Mombasa: maswali ninayoulizwa kila mara

Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua na kuwafasiria hati, katika chumba cha Mji wa Kale ambacho nusu yake ni meza na nusu nyingine ni makaratasi. Kila mgeni mkubwa wa kutoka nje anapotua Mombasa, maswali huniandama: barazani baada ya alasiri, kwenye simu, na kwa wateja wanaongoja zamu yao mlangoni. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi rudi. Mfano nitakaoutumia sana ni ziara ya Wang Yi, waziri wa mambo ya nje wa China, ya Januari 2022. Nimeuchagua kwa sababu mazungumzo yenyewe yalifanyika hapa hapa kwetu, na kwa sababu muda wa kutosha umepita mtu kuweza kuuliza: basi ikawaje?

Waziri wa mambo ya nje ana uzito gani hata barabara zifungwe kwa ajili yake?

Ndiye sauti ya nchi yake akiwa ugenini. Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba unawataja watu watatu ambao, kwa cheo chao tu, wanaweza kuifungia nchi ahadi: mkuu wa nchi, mkuu wa serikali, na waziri wa mambo ya nje. Waziri wa kilimo au wa fedha akija kutia sahihi, kwa kawaida huja na hati ya mamlaka, yaani karatasi inayosema huyu tumemtuma sisi. Waziri wa mambo ya nje haulizwi karatasi hiyo. Kalamu yake ni kalamu ya taifa. Kwa hiyo ukimwona anashuka kwenye ndege pale Uwanja wa Moi akifuatwa na watu wenye mikoba, mtazame yeye kidogo, uitazame ile mikoba zaidi.

Ziara rasmi na ziara ya kitaifa si kitu kimoja?

La. Ziara ya kitaifa ni ya mkuu wa nchi kwa mkuu wa nchi mwenzake: gwaride, mizinga 21, dhifa. Mfalme Charles alipokuja Kenya kuanzia 31 Oktoba hadi 3 Novemba 2023, akaanzia Nairobi na kumalizia huku Mombasa, hiyo ndiyo ilikuwa ziara ya kitaifa. Waziri huja kwa ziara rasmi au ya kikazi: mwaliko, mazungumzo, sahihi, picha, ndege. Shamrashamra ni chache, na kazi mara nyingi ni nyingi zaidi.

Kwa nini Mombasa, na Nairobi ndiko iliko serikali?

Kwanza kuna Ikulu ya hapa, upande wa Mama Ngina, na marais wetu wamezoea kuitumia wanapokuwa pwani. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alikuwa huku, basi mgeni akamfuata huku.

Lakini sababu yenye uzito ni bandari. Mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini, Burundi na mashariki mwa Kongo hupita hapa. Mtu anayetaka kufanya biashara na Afrika Mashariki hawezi kuizunguka Mombasa. Wang Yi alipelekwa kuona gati jipya la mafuta la Kipevu, lililojengwa baharini na kampuni ya China Communications Construction Company kwa gharama ya shilingi bilioni 40 hivi, fedha za Halmashauri ya Bandari yenyewe. Gati la zamani lilipokea meli moja ya mafuta kwa wakati mmoja. Hili linaweza kupokea nne. Meli ya mafuta inayongoja nje kwa siku nyingi hulipiwa kila siku inayongoja, na malipo hayo mwisho humfikia mwenye tuktuk wa Majengo anapojaza tangi lake. Ndiyo maana ziara ya gati si matembezi.

Na kuna historia, ambayo wageni wa China hawaisahau. Mnamo 1415 wajumbe wa Malindi walimfikishia mfalme wa China twiga, enzi zile meli za Zheng He, mkuu wa msafara wa majini wa mfalme huyo, zilipokuwa zikifika pwani yetu. Huwa nawakumbusha vijana barazani kwamba Malindi ilituma wajumbe wake China zaidi ya miaka 80 kabla Vasco da Gama hajapita hapa 1498. Kupokea na kutuma wajumbe ni kazi ya zamani ya watu wa mwambao huu. Hatukufundishwa juzi.

Ni kweli kwamba waziri wa China huja Afrika kila Januari?

Ni kweli. Tangu 1991, safari ya kwanza ya nje ya waziri wa mambo ya nje wa China kila mwaka huwa ya Afrika. Mwaka 2022 alianzia Eritrea, akaja Kenya, kisha Komoro.

Ziara ile ilileta nini cha kushikika?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi hukata tamaa wakisema maneno matupu.

Siku ile Mombasa, mbele ya Rais na waziri wetu wa wakati huo, Raychelle Omamo, zilitiwa sahihi hati kadhaa. Mbili kati yake zilikuwa itifaki za kibiashara: moja ya maparachichi mabichi, nyingine ya mazao ya majini. Wengi walicheka: waziri avuke bahari kwa ajili ya parachichi? Wasichokijua ni kilichotangulia. Mnamo 2019 Kenya ilikuwa imeruhusiwa kupeleka parachichi China, lakini liwe limegandishwa hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Mkulima gani mdogo wa Murang'a ana mtambo wa namna hiyo? Mlango ulikuwa wazi kwa karatasi, umefungwa kwa barafu.

Itifaki ya Mombasa iliondoa sharti la barafu. Lakini hata hapo parachichi halikupanda meli kesho yake. Ilibidi mashamba na maghala ya kupakia yakaguliwe, wadudu waharibifu wahakikishwe hawamo, na KEPHIS, shirika letu la afya ya mimea, lihusike hatua kwa hatua na idara ya forodha ya China. Shehena ya kwanza ya parachichi bichi iliagwa Agosti 2022. Hesabu mwenyewe: Januari sahihi, Agosti mzigo. Miezi saba. Na hiyo ni kasi nzuri. Kuna hati zinazokaa miaka.

Jambo jingine lilikwenda upesi zaidi. Akiwa hapa Mombasa, Wang Yi alisema China ingeteua mjumbe maalumu wa Pembe ya Afrika. Mwezi uliofuata mjumbe huyo, Xue Bing, alikuwa ameshateuliwa, na Juni mwaka huo huo kukawa na mkutano wa amani Addis Ababa. Kumteua mtu kwahitaji sahihi moja. Kuuza tunda kwahitaji mia.

Na sisi wavuvi je? Hayo mazao ya majini ni samaki wetu?

Alikuja ami mmoja wa Likoni na gazeti mkononi, kalikunja mara nne, kidole kimekaa juu ya neno "samaki". Akaniuliza kama sasa anaweza kuuza pweza wake China. Nilimjibu kama ninavyowajibu nyote: itifaki imeondoa kizuizi kwenye mpaka, haijaweka barafu kwenye dau lako. Mnunuzi wa ng'ambo ataka kiwanda kilichosajiliwa, cheti cha afya, na ubaridi usiokatika kutoka majini hadi kwenye kontena. Mtu mmoja na ngalawa yake hayawezi hayo. Kikundi cha wavuvi cha ufuoni, kile cha BMU, kikijipanga na kuwa na chumba cha baridi, kinaweza kuanza kuongea na wenye viwanda. Swali la kumuuliza kiongozi wako si "itifaki iko wapi?" Muulize chumba cha baridi kiko wapi.

Hati ya maelewano, itifaki, mkataba, taarifa ya pamoja: yote si maneno ya kupambia?

Laiti yangekuwa hivyo. Swali hili limeigharimu pwani yetu bahari.

Taarifa ya pamoja ni tamko: tumekutana, tumekubaliana kuendelea kuzungumza. Haimfungi mtu sana. Mkataba unafunga. Itifaki kwa kawaida huongezea mkataba au hueleza utaratibu wa jambo mahususi, kama lile la parachichi. Hati ya maelewano ndiyo yenye kuponza, kwa sababu watu huiona nyepesi.

Sikiliza kisa hiki. Tarehe 7 Aprili 2009 Kenya na Somalia zilitia sahihi hati ya maelewano kuhusu bahari iliyo mbele ya Lamu na kusini mwa Somalia. Kwetu alisaini waziri wa mambo ya nje, Moses Wetang'ula. Kwa Somalia alisaini waziri wa mipango na ushirikiano wa kimataifa. Hati yenyewe ni fupi. Baadaye mwaka ule bunge la Somalia likaikataa. Mnamo 2014 Somalia ikaishtaki Kenya kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na Kenya ikasema: kesi hii haiwezi kusikilizwa, tazameni hati ya 2009, tulikubaliana njia nyingine. Somalia ikajibu kwamba hati ile haikuidhinishwa na bunge, haina nguvu.

Februari 2017 mahakama ikaamua mambo mawili, na yote mawili yafaa kukaririwa. La kwanza: hati ile ni mkataba halali unaozifunga nchi zote mbili. Jina lake halikuipunguzia nguvu, na waziri wa Somalia alikuwa na hati ya mamlaka kutoka kwa waziri mkuu wake. Sahihi ilitosha. La pili: maneno yaliyoandikwa ndani ya hati hiyo hayakuifunga njia ya mahakamani kama Kenya ilivyodhani. Basi kesi ikaendelea, na tarehe 12 Oktoba 2021 mstari ukachorwa. Kenya haikupata mpaka ilioutaka, na serikali yetu ikasema haiutambui uamuzi huo.

Mimi nimefasiri hati za nyumba, za ndoa na za mirathi, na kila mara nimeona jambo lilo hilo: watu hugombana juu ya kichwa cha karatasi, na kilichowafunga kiko kwenye sentensi ya tano. Waziri anapotua, sentensi ya tano ndiyo ya kuulizia.

Na kwa upande wa kusini, mpaka wetu wa baharini na Tanzania ulikubaliwa kwa kubadilishana barua kati ya Desemba 1975 na Julai 1976. Barua tu, jamani. Wavuvi wa Vanga na wenzao wa Pemba wanaishi na barua hizo mpaka leo.

Bunge lina nafasi gani? Au waziri hutia sahihi tukaamka tumefungwa?

Katiba ya 2010, ibara ya 2(6), yasema mkataba ulioidhinishwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Ndiyo maana ikatungwa sheria ya 2012 ya kuingia mikataba na kuiidhinisha: Baraza la Mawaziri huupitisha, Bunge la Kitaifa huujadili, wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni, ndipo hati ya kuidhinisha hutolewa. Mkataba wa kibiashara wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulikwenda njia ndefu hiyo: ulitiwa sahihi Desemba 2023, ukaanza kufanya kazi 1 Julai 2024.

Lakini sheria hiyo hiyo ina mlango wa nyuma, nao watu hawauambiwi. Makubaliano ya nchi mbili yanayohusu shughuli za kawaida za serikali, au mambo ya kiufundi na kiutawala, hayalazimiki kupitia utaratibu huo wote. Na hati nyingi zinazotiwa sahihi kwenye ziara huangukia humo. Sisemi ni vibaya. Huwezi kuliita Bunge zima kwa sababu ya ukaguzi wa wadudu. Nasema tujue kwamba zipo hati ambazo hakuna mbunge wako aliyezisoma.

Gavana wetu anaweza kukubaliana jambo na waziri wa nchi ya nje?

Kwa niaba ya Kenya, hawezi. Jedwali la Nne la Katiba limeyaweka mambo ya nje na biashara ya kimataifa mikononi mwa serikali ya kitaifa. Gavana atampokea mgeni, ataketi naye, atamweleza shida za mji wake, na miji yenyewe inaweza kuwa na udugu kama ule wa Mombasa na Seattle. Ila kuifunga nchi, hapana.

Na deni? Kila mgeni akija si tunaongezewa deni?

Swali hili huulizwa kwa sauti kubwa kuliko yote, na sishangai. Mombasa ndiyo mwanzo wa reli ya SGR, iliyozinduliwa 31 Mei 2017 na kujengwa kwa mikopo ambayo sehemu yake kubwa mno ilitoka benki ya Exim ya China. Wang Yi alipoulizwa hapa hapa kuhusu mtego wa madeni, alijibu kwamba hayo ni maneno yaliyobuniwa na wasiopenda Afrika iendelee. Wengine wakapiga makofi, wengine wakaguna. Mimi naona wote wawili walikosa cha kushika, kwa sababu wakati ule mwananchi wa kawaida hakuwa ameuona mkataba wa reli.

Jibu halikutoka kwa mgeni wala kwa mwenyeji. Lilitoka mahakamani, papa hapa Mombasa. Wanaharakati wawili walikwenda Mahakama Kuu wakitaka waonyeshwe mikataba ya SGR. Mei 2022 mahakama ikaamuru serikali iitoe, ikitegemea ibara ya 35 ya Katiba, inayompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Novemba mwaka huo wizara ya uchukuzi ikachapisha sehemu za hati za mkopo. Hazikuwa zote. Lakini kwa mara ya kwanza watu waliweza kubishana wakiwa na ukurasa mbele yao.

Tofautisheni pia mambo mawili ambayo barazani huchanganywa. Gati la mafuta la Kipevu lilijengwa na kampuni ya Kichina, lakini kwa fedha za bandari yetu. Reli ilijengwa na kampuni ya Kichina kwa mkopo wa Kichina. Fundi kuwa mmoja hakufanyi deni kuwa moja.

Waziri mgeni akifanya kosa hapa, atakamatwa?

Akiwa bado madarakani, hapana. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua hivyo 14 Februari 2002, Kongo ilipoishtaki Ubelgiji kwa kutoa hati ya kumkamata waziri wake wa mambo ya nje. Kinga hiyo ni ya kazi, si zawadi ya mtu.

Zawadi anazopewa na anazotoa ni za nani?

Kiongozi wetu akipewa zawadi kwenye shughuli rasmi, Katiba, ibara ya 76, yasema ni zawadi kwa Jamhuri na ikabidhiwe serikali, isipokuwa sheria imeruhusu vinginevyo. Kasha la mninga, saa, zulia: mali ya umma.

Barabara zikifungwa, mimi mchuuzi nafidiwa na nani?

Sijui niwajibu nini chenye kuwafurahisha, maana hakuna fidia. Msafara mmoja ulinikuta pale Makupa ndani ya matatu, asubuhi. Mbele yetu bibi mmoja alikuwa na ndoo mbili za mahamri na sufuria ya mbaazi imefungwa kwa leso, apeleka kwa vibarua wa bandarini wanaobadilisha zamu. Tulikaa. Jasho likatutoka. Akafungua leso, akagusa ubavu wa sufuria, akaifunga tena. Baada ya dakika chache akagusa tena. Magari yalipopita na sisi kuachiliwa, zamu ilikuwa imekwisha kubadilika. Alishuka akaanza kutugawia sisi abiria kwa nusu bei.

Wageni na waje. Mji huu hauna uchungu na mgeni. Wakubwa wakitangaza saa na njia tangu jana yake, redioni na kwa wenye matatu, bibi yule angepitia njia nyingine au angepika kidogo. Usalama wa mgeni hauharibiki kwa tangazo la "barabara fulani itafungwa asubuhi". Ni ombi dogo, na naliandika hapa kwa moyo wote.

Ndugu yangu yuko Ghuba na amenyang'anywa pasipoti. Waziri wa huko akija, naweza kumfikishia?

Hili ndilo swali linaloletwa na machozi. Mama mmoja alinijia na nakala ya pasipoti ya binti yake, ameizungushia karatasi ya nailoni na kuifunga ndani ya ncha ya leso. Alikuwa amesikia mgeni kutoka nchi ile yuaja. Alitaka nimwandikie barua akasimame njiani aitupe ndani ya gari.

Nilimwambia, mama, barua ile itaokotwa na askari. Tukaandika nyingine tatu. Ya kwanza kwa ubalozi wetu kule aliko binti, kwa sababu Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mambo ya kibalozi unampa balozi wetu haki ya kuwasiliana na raia wetu na kumsaidia. Ya pili kwa idara ya serikali inayoshughulikia Wakenya walio ng'ambo. Ya tatu kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kulalamikia wakala aliyempeleka, pamoja na nambari yake ya usajili. Zote tukaziwekea jina kamili, nambari ya pasipoti, mji, jina la mwajiri, tarehe ya mwisho waliyozungumza. Ofisi haiwezi kumtafuta "binti yangu". Inaweza kumtafuta mwenye nambari.

Ziara ina nafasi yake hapa, lakini huja kabla ya mgeni kufika. Nchi mbili zinapotayarisha ajenda, wizara yetu hukusanya mambo ya kuzungumza. Malalamiko yaliyoandikwa na kupokewa kwa muhuri yanaweza kuingia kwenye faili hiyo. Yasiyoandikwa hayaingii. Basi msingoje ving'ora. Andikeni leo.

Kuna balozi zozote hapa Mombasa, au ni lazima niende Nairobi?

Balozi kuu ziko Nairobi. Hapa India ina ofisi ya Balozi Msaidizi, na Tanzania ina ubalozi mdogo. Kuna pia makonsuli wa heshima wa nchi kadhaa. Kabla ya kusafiri, piga simu uulize kama shida yako wanaishughulikia, maana si wote wanaotoa viza.

Makubaliano haya yapo kwa Kiswahili?

Kwa kawaida, hayapo, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote niliyoandika hapo juu.

Ibara ya 7 ya Katiba yasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Umoja wa Afrika umekikubali kiwe lugha ya kazi tangu Februari 2022, mwezi mmoja tu baada ya ziara ile. UNESCO imekipa siku yake, 7 Julai. Lakini mwananchi wa Kisauni akitaka kujua nchi yake imeahidi nini ndani ya mji wake, ataipata ahadi hiyo kwa Kiingereza na kwa lugha ya mgeni. Mvuvi yule wa Likoni alikuwa na gazeti. Hakuwa na itifaki.

Muhtasari wa ukurasa mmoja ungetosha: tumekubaliana nini, nani atafanya nini, kufikia lini, na gharama ni ya nani. Ubandikwe kwenye ofisi ya kaunti, Huduma Centre na ofisi za machifu. Wafasiri tupo, na kazi ya ukurasa mmoja ni ya nusu siku. Nimewaambia viongozi kadhaa waliopita mlangoni kwangu, na nitaendelea kuwaambia.

Nikitaka kuziona hati zenyewe, nianzie wapi?

Anza kwa barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu kila raia kuomba habari zilizo katika ofisi ya umma. Taja hati kwa jina lake kama unalijua, au kwa tarehe na mahali ilipotiwa sahihi: "zilizotiwa sahihi Mombasa, Januari 2022" yatosha. Huna haja ya kueleza sababu. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Ikinyamaza au ikikataa, kuna Tume ya Haki ya Utawala, na baada yake kuna mahakama, ambayo kama mlivyoona hapo juu imekwisha kuonyesha kwamba husikia.

Na sheria hiyo yasema wazi kuwa ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kwa hiyo asiwaambie mtu kwamba barua yenu haisomeki. Barua za namna hii naziandika bure, kila siku kuanzia saa nane mchana hadi adhana ya alasiri. Njooni na kitambulisho na nakala yake, na mje mmeshaamua ni hati ipi mnayoitaka.